Kardani Inapolia: Onyo la Gari na Wajibu wa Mwenyewe

Yeyote akaaye Uvira kando ya barabara kubwa ameusikia mlio huu. Teksi yapunguza mwendo, yakata kona kuingia mtaani, na papo hapo chini yake wasikika mlio mkavu, ka-ka-ka-ka, kama mtu agonganishaye kokoto mbili upesi upesi. Kona ikiisha, mlio nao wanyamaza. Abiria huendelea na maongezi yao, na dereva huongeza sauti ya redio.

Leo twapenda kueleza mlio huo ni wa nini, jinsi ya kuutambua, na dawa yake ni ipi. Twafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, magari madogo ndiyo yawapatiayo riziki jamaa nyingi za mwambao wetu, na gari lililokufa njiani ni chakula kilichopungua nyumbani. Pili, katika jambo hili la chuma na grisi limo swali la haki baina ya dereva na mwenye gari, na baina ya muuzaji na mnunuzi. Anayeujua ukweli wa mlio huo hawezi tena kusema hakujua.

Kardani ni nini?

Katika magari ya zamani, nguvu za injini zilipelekwa nyuma, na magurudumu ya nyuma yakalisukuma gari. Hiace huenda hivyo hata leo. Lakini magari madogo mengi tuyaonayo, kama vile Corolla, Carina na Probox, huvutwa na magurudumu ya mbele. Hilo si jambo jipya: kampuni ya Citroën ya Ufaransa iliuza gari la namna hiyo tangu mwaka 1934, na Corolla zilianza kugeuzwa hivyo mwaka 1983.

Gurudumu la mbele lina kazi mbili. Yalipasa kuzunguka ili livute gari, na tena yalipasa kugeuka kulia na kushoto ili liongoze njia. Zaidi ya hayo, hupanda na kushuka kila linapokutana na shimo. Mhimili mnyoofu wa chuma usingeweza kuyafanya hayo yote. Kwa hiyo kila upande umewekwa mhimili mfupi wenye viungo viwili, mfano wa mkono wa mtu wenye bega na kiwiko. Mafundi wetu, kwa kufuata Kifaransa, huuita kardani. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya husema draivu shafti, na kiungo chake hukiita sivi jointi. Jina la kardani limetokana na Girolamo Cardano, mwanachuoni Mwitalia aliyeishi tangu 1501 hata 1576.

Kiungo cha kale chenye umbo la msalaba kina kasoro moja: kikipindwa sana, hakizungushi sawasawa, bali huharakisha na kukawia mara mbili katika kila mzunguko. Katika miaka ya 1920 mhandisi Alfred Rzeppa, aliyefanya kazi Marekani, alibuni kiungo kingine chenye gololi sita zinazotembea katika mifereji iliyochongwa kwa ustadi. Hicho hata kikipindwa kwa nyuzi arobaini huzungusha kwa mwendo ule ule. Kiungo cha namna hiyo ndicho kikaacho karibu na gurudumu. Kiungo cha ndani, kilicho karibu na sanduku la gia, kwa kawaida kina vigurudumu vitatu vidogo viwezavyo kuteleza kwenda ndani na nje gari lirukapo juu ya matuta.

Viungo vyote viwili hujazwa grisi maalumu nyeusi, kisha kila kimoja hufunikwa kwa mfuko wa mpira wenye mikunjo, mfano wa mivukuto ya mhunzi. Tafadhali ukumbukeni mfuko huo, kwa maana habari yote ya ugonjwa wa kardani huanza hapo.

Jinsi inavyokufa

Kardani ambayo mifuko yake ni mizima hudumu miaka mingi, na mara nyingi hupita kilomita laki moja. Lakini mpira huzeeka. Jua huukausha, jiwe huukata, nao hupasuka katika bonde la mkunjo mmoja. Gurudumu linapozunguka kwa kasi, grisi hurushwa nje kupitia ufa huo, na badala yake huingia maji na mchanga. Mchanga ukichanganyika na grisi iliyobaki huwa kama unga wa kunolea kisu: husaga gololi na mifereji yake usiku na mchana. Mwishowe mifereji hupata mashimo madogo, na kila gololi ipitapo katika shimo hugonga. Basi, ule mlio tuusikiao katika kona ndio huo.

Maana yake ni kwamba mlio si mwanzo wa ugonjwa. Mwanzo wake ulikuwa ufa usiotoa sauti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo ni kweli neno kwa neno: mfuko wa mpira, grisi na mikanda yake ni vitu vya bei ndogo, bali kardani nzima huligharimu fuko la mtu mara nyingi zaidi.

Na nchi yetu haiihurumii mipira hiyo. Mito ishukayo kutoka milima ya Mitumba, kama Mulongwe na Kalimabenge, huleta mawe na mchanga hata katikati ya mji. Mwezi wa Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kuwaacha maelfu bila makao. Njia nyingi za mitaa ziligeuka kuwa vitanda vya mawe. Mvua kubwa inyeshapo, gari hupita katika madimbwi ambayo chini yake dereva haoni kitu. Ukishika njia ya kusini kwenda Makobola, Mboko na Baraka, ni mashimo na mavumbi, kisha matope. Na njia hiyo si ya wachuuzi wa samaki na mihogo tu. Baraka na Fizi ndipo walipouawa tarehe 28 Novemba 1964 Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Padre Albert Joubert, waliotangazwa kuwa wenye heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Waamini waipitao kwa kuhiji huwa wamejazana garini, wazee na watoto pamoja.

Kuutambua ugonjwa

Fundi mwema huchunguza kwa macho, kwa mikono na kwa masikio, wala hatoi hukumu kwa sikio peke yake.

Kwa macho. Usukani ugeuzwe mpaka mwisho upande mmoja, injini izimwe, breki ya mkono ivutwe. Hapo chukua taa, utazame nyuma ya gurudumu la mbele. Mfuko wa nje ndio utangulao kupasuka mara nyingi, kwa kuwa ndio upindwao zaidi. Panua mikunjo yake kwa vidole na kutafuta ufa. Ukiona grisi nyeusi imerushwa upande wa ndani wa gurudumu au juu ya springi, habari imekwisha kujulikana. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Kazi hii haihitaji fedha, na kijana wa shule aweza kuifanya kila Jumamosi kwa ajili ya baba yake.

Kwa mikono. Gari likiwa limetulia, shika mhimili karibu na kila kiungo, uutikise na kuuzungusha mbele na nyuma. Kiungo cha ndani kuteleza kidogo ndani na nje si ajabu, kwani ndiyo kazi yake. Lakini kiungo kikicheza sana katika kuzungushwa na kutoa mgongano, kimelika.

Kwa masikio. Tafuta kiwanja kipana kisicho na watoto. Geuza usukani mpaka mwisho, uendeshe polepole kwa duara ukikanyaga mafuta kidogo. Kwanza upande mmoja, kisha wa pili, halafu kwa kurudi nyuma. Mlio wa ka-ka-ka uongezekao kwa kadiri ya mwendo ni wa kiungo cha nje. Gari likitetemeka katika njia iliyonyooka wakati wa kukanyaga mafuta, hasa mlimani, na kutulia mara mguu uinuliwapo, shukia kiungo cha ndani. Tena, kishindo kimoja kizito wakati wa kuhama kutoka mbele kwenda nyuma chaweza kuwa cha kardani. Lakini chaweza pia kuwa cha mipira ibebayo injini, basi ikaguliwe nayo.

Yako magonjwa mengine yafananayo na huu, na mtu asiyeyatenga hutupa fedha zake. Mngurumo uzidio kwa mwendo na usiobadilika kwa kukanyaga wala kuachia mafuta, kwa kawaida hutokana na beringi ya gurudumu. Mgongo usikikao katika mashimo gari likienda moja kwa moja, mara nyingi ni wa viungo vya springi na usukani. Mtikisiko utokeao katika mwendo fulani tu, hata mguu usipokuwa juu ya mafuta, mara nyingi ni wa magurudumu yasiyosawazishwa.

Kuponya au kubadili

Ikiwa mfuko umepasuka karibuni na kiungo bado kiko kimya, kardani yaweza kuokolewa. Hutolewa, kiungo kikaoshwa mpaka mchanga wote utoke, kikakaushwa, kikajazwa grisi ya kardani na kuvikwa mfuko mpya uliofungwa kwa mikanda ya chuma. Kufunga ufa kwa kipande cha mpira wa baiskeli bila kuosha kilichomo ndani ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

Ikiwa kiungo kimeanza kugonga, grisi haitajaza tena mashimo ya chuma. Hapana budi kubadili. Anunuaye kipuri afike dukani na kardani ya zamani mkononi, alinganishe urefu, unene, hesabu ya meno ya ncha zote mbili, na pete yenye meno ya breki ikiwa gari linayo. Ajue pia kwamba upande wa kulia wa gari ni mkono wa kulia wa mtu aketiye ndani akitazama mbele, usukani uwe upande wo wote. Mara nyingi kardani za kulia na kushoto hazilingani. Kardani iliyotolewa katika gari lililovunjwa, ikiwa viungo vyake ni vizima, yaweza kuzidi ubora mpya ya hovyo. Lakini ipewe mifuko na grisi mpya kabla ya kufungwa.

Kazi yenyewe

Twaieleza kwa utaratibu wake, ili fundi kijana ajifunze na mwenye gari ajue anacholipia.

Kwanza, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe au magogo, na breki ya mkono ivutwe. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu huondolewa pini yake na kulegezwa gari lingali chini, mtu akikanyaga breki. Ndipo gari liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya vigingi imara vya chuma. Twasisitiza: jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Hakuna kazi ya upesi iwezayo kuhalalisha kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Pili, gurudumu likiisha kutolewa, weka chombo chini ya sanduku la gia, kwani oili itamwagika. Kiungo cha chini kishikacho kitovu cha gurudumu hufunguliwa, na kitovu huvutwa nje huku ncha ya kardani ikisukumwa ndani. Ikikaza, irudishe nati mpaka isawazike na ncha, uweke kipande cha mti, ugonge juu yake. Anayegonga chuma kwa chuma huharibu meno. Breki isiachwe ikining'inia kwa bomba lake. Ifungwe kwa waya.

Tatu, kiungo cha ndani hutolewa kwa kutia mtaimbo kati yake na sanduku la gia na kusukuma polepole. Usivute mhimili wenyewe, maana vigurudumu vya ndani vyaweza kuchomoka. Sili ya oili ipo hapo hapo. Ikiwa imechoka, ni wakati wa kuibadili. Pakaza oili mdomo wa sili, tia pete mpya ya kufunga katika ncha ya kardani mpya, uisukume mpaka usikie imeingia mahali pake. Ivute kidogo kiungo chenyewe, isitoke.

Nne, rudisha kila kitu kwa kufuata njia ile ile, ukaze kila bolti. Nati kubwa hukazwa kwa mkazo ulioandikwa katika kitabu cha gari, na pini yake iwe mpya. Katika Corolla kadha wa kadha mkazo huo ni newtonimita 216, yaani zaidi kidogo ya mtu wa kilo 70 akitia uzito wake wote mwisho wa spana ya sentimita 30. Nati isiyokazwa vema huua beringi, na gari lisitembezwe hata hatua moja kabla haijakazwa. Mwisho, oili ya gia iliyomwagika irudishwe, ya aina itakiwayo na gari hilo wala si yo yote iliyopo. Halafu gari lijaribiwe tena katika kile kiwanja.

Hatari ya kunyamaza

Wengine husema, “Mlio hauuzuii gari kwenda.” Ni kweli, mpaka siku kiungo kinapovunjika. Siku hiyo nguvu zote za injini hukimbilia upande uliovunjika, na gurudumu zima halipati kitu. Injini hunguruma, gari halisogei. Katika barabara tambarare hasara ni ya fedha na saa. Lakini fikirini barabara ipandayo kutoka Kamanyola kwenda Bukavu. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya bahari, na Ziwa Kivu zipatazo 1,460. Baina yao gari hupanda kona kwa kona, ukuta wa mlima upande huu na korongo upande ule. Kardani ikikatika hapo, gari laanza kurudi nyuma. Na wengi hawajui jambo hili: katika gari lijibadilialo gia, alama ya P haitalizuia, wala gia ya kawaida haitalizuia, kwa kuwa vyote viwili hulishika gari kupitia kardani zile zile. Hapo pa kutumaini ni breki ya mguu, breki ya mkono na mawe nyuma ya magurudumu. Tena mhimili uliokatika ukizunguka ovyo waweza kulikata bomba la breki.

Wajibu ni wa nani?

Twajua taabu ya dereva. Gari si lake. Kila jioni hana budi kumpelekea mwenye gari fedha waliyopatana, abiria wawe wengi au wachache. Akisema kardani yalia, huambiwa, “Endelea mpaka mwisho wa mwezi.” Akilaza gari, apoteza kazi, akiliendesha, apakia watu katika hatari. Na likivunjika, mara nyingi yeye ndiye alipishwaye.

Hiyo si haki. Papa Leo XIII katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891 alifundisha kwamba mwenye mali asimtumie mfanyakazi kama chombo cha kumletea faida. Mwenye gari apokeaye fedha ya kila siku amepokea pamoja nayo wajibu wa kulitunza gari. Yafaa wakati wa kupatana waandike mambo mawili: sehemu ya fedha itakayowekwa akiba kwa ajili ya vipuri, na haki ya dereva kulaza gari lisilo salama pasipo kutozwa fedha ya siku hiyo. Dereva naye ana wajibu wake: kutazama mifuko ya mpira kila juma na kutoa habari siku ile ile auonapo ufa. Afichaye ufa ili asipoteze siku moja ya kazi, na aambiwaye akakataa kutengeneza, wote wawili wanacheza na amri ya tano. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, huhesabu kuwa kosa kubwa kuhatarisha usalama wa watu barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi. Sisi twaona kwamba kuwapakia watu kwa kusudi katika gari ujualo kuwa bovu kuko karibu sana na kosa hilo.

Na yuko mwingine, auzaye gari baada ya kusindilia grisi nzito katika kiungo kilicholika, ili kinyamaze kwa siku chache. Huyo hakutengeneza kitu; amenunua ukimya. Mnunuzi mjane aliyeuza shamba ili mwanawe apate teksi atausikia mlio huo juma la pili, fedha zikiwa zimekwisha toweka. Jina la tendo hilo ni wizi, hata kama mikono haikuvunja mlango, na toba yake yadai kurudisha.

Kwa hiyo, wewe unayenunua, usione haya kuomba kwenda kiwanjani kulizungusha gari na kutazama nyuma ya magurudumu. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Wewe abiria usikiaye mlio, mwambie dereva kwa upole, tena mwambie na mwenye gari ukimfahamu. Nanyi wazazi wenye kijana apendaye vyuma, msimdharau mbele ya ndugu zake wa kalamu. Mpelekeni kwa fundi mwaminifu, ajifunze kutia gari juu ya vigingi kabla ya kulala chini yake, kukaza nati kwa kipimo, na kumwambia mteja ukweli hata ukweli huo ukimpunguzia malipo. Mji wetu una haja ya mafundi wa namna hiyo.